Bima ya afya hukatwa lini hasa: ukiwa mzima au ukishaanza kuona dalili?

#1 FundiBaridi_Fuoni
Asalaam alaykum wakuu. Nina miaka 31, nimejiajiri, natengeneza viyoyozi na mafriji kuanzia hapa Fuoni mpaka mahoteli ya Kiwengwa. Sina bosi, kwa hiyo hakuna wa kunikatia bima. Juzi kanijia wakala kibandani, kijana mtanashati na makaratasi yake ya rangi, anataka nikate kifurushi cha mume na mke, nilipe mwaka mzima kwa mkupuo.
Hoja yangu ni hii. Sijalazwa tangu nipate akili. Presha sina, sukari sina. Kwa nini nisiziweke pesa zangu, halafu nikishafika 40 na ushee, mwili ukianza kudai, ndio nikate? Au kuna kitu sikioni? Waliokwisha kukata waseme walikata lini na kwa nini. Wenye matusi wapite tu.

#2 Mpemba_wa_Konde
Waalaykum salaam. Hiyo miaka 40 umekubaliana na nani? Mdogo wangu ana 27. Msimu uliopita asubuhi yuko juu ya mkarafuu, adhuhuri yuko spitali ya Abdalla Mzee na paja limevunjika. Tawi halikumuuliza umri.

#3 Maalim_Hesabu
Tupige hesabu kavu. Tuseme kifurushi ni laki sita kwa mwaka (mfano tu, msinishike shati). Kutoka 31 hadi 40 ni miaka tisa, yaani 5,400,000. Kijana mzima kwa kawaida hutoa kuliko anavyotumia, na ndivyo bima inavyokwenda: wazima wa mwaka huu wanawalipia wagonjwa wa mwaka huu. Kwa hiyo #1 hayuko mbali na ukweli.
Ila hizo milioni tano na laki nne utakuwa nazo mwaka wa tisa. Ukianguka mwaka wa pili, una milioni moja na laki mbili tu. Hapo ndipo penye mzozo.

#4 BiMwani_Paje
Maalim, hata hiyo moja na laki mbili haitakuwepo. Mimi nalima mwani, nimeshaweka sana pesa ya maradhi. Inakuja Eid, inatoka. Inakuja harusi ya mtoto wa dada, inatoka. Bati linavuja, inatoka. Pesa isiyo na mwenyewe ndani ya nyumba kila mtu ni ndugu yake.

#5 KijanaWaMichenzani
Mbona mnajitesa? Zanzibar matibabu bure tangu enzi za Mzee Karume. Mnazi Mmoja ipo, Lumumba ipo, na spitali mpya za wilaya zimejengwa. Hizi bima ni mambo ya bara.

#6 Nesi_Mstaafu
#5 mwanangu, nimefanya kazi chini ya hiyo bure maisha yangu yote na naiheshimu, imeokoa watu wengi. Lakini si mambo ya bara tena. Tunao Mfuko wetu wa Huduma za Afya Zanzibar, umeanzishwa kwa Sheria Nambari 1 ya 2023. Ulianza na watumishi wa umma, ukaja kwa walioajiriwa sekta binafsi. Ukiona serikali yenyewe inaunda mfuko, jua bure ina gharama na kuna mtu anailipa.
Halafu kumuona daktari ni kitu kimoja. Dawa ikikosekana dirishani unaandikiwa cheti, unakwenda duka la nje. Ukipewa rufaa ya Muhimbili kuna boti, kuna ndugu wa kukuangalia, kuna mahali pa kulala huyo ndugu. Hata ukiwa na bima, hayo mawili ya mwisho kadi nyingi haziyalipi, msije mkadanganywa.
Na kuhusu swali lenyewe: wodini nilikuwa naulizwa habari za bima siku jibu la kipimo linapotoka. Asubuhi hajui bima ni nini, jioni anataka kadi.

#7 Wakala_Mkweli
Mimi wakala, najulikana humu. Alichosema Nesi ndicho kinachozifanya kampuni ziweke kipindi cha kusubiri. Kila kampuni na mkataba wake, lakini kwa ujumla huwa hivi: ajali inalipwa tangu bima inapoanza. Maradhi ya kawaida unasubiri kama mwezi mmoja. Upasuaji usio wa dharura, miezi kadhaa. Kujifungua ni miezi tisa, kumi, wengine mpaka mwaka. Na maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kuingia, ama unasubiri mwaka au zaidi, ama hayalipwi kabisa.
Kwa hiyo ile "nitakata dalili zikianza" ya #1, dalili zikianza tayari ni maradhi yaliyokuwepo. Utalipa na hutatibiwa kwa kile ulichokikatia.

#8 Mpemba_wa_Konde
Wakala kafika, kila mtu ashike mfuko wake 😂

#9 Wakala_Mkweli
Wewe mfuko wako unafunguka Septemba tu karafuu zikiuzwa, nakujua.

#10 Mpemba_wa_Konde
Hilo umesema kweli na ndilo jibu langu kwa #1. Sisi Pemba wakati wa kukata bima ni msimu wa karafuu. Si suala la miaka 31 wala 40, ni suala la lini pesa iko mkononi. Wakala anayekuja Konde mwezi wa Machi anapoteza nauli yake.

#11 DadaMapokezi_Nungwi
Kwetu hotelini ni kinyume chake. Pesa tunayo Julai, Agosti, Disemba, na bima tunayo pia maana mwajiri anatukatia. Ikifika masika hoteli inafunga, wa mkataba wa msimu tunarudishwa nyumbani na kadi inakufa hapo hapo. Na masika ndio mbu, ndio matumbo, ndio watoto wanaumwa. Yaani nina bima miezi niliyo mzima na sina miezi ninayoumwa. Mwaka huu nilijifungia choo cha mapokezi nikalia, si kwa kuachishwa, kwa kurudisha kadi ya mtoto.
Swali kwa wakala: nikikata ya binafsi Aprili, nasubiri mwezi, inaanza Mei, Juni narudi kazini. Faida iko wapi?

#12 Wakala_Mkweli
Dada hapo usingojee Aprili. Kata ya mtoto mapema, wakati bado una mshahara, muda wa kusubiri uishe ukiwa bado kazini. Na uliza kampuni iliyowabeba pale hotelini kama wanakubali mtu kuhama kutoka kundi kwenda binafsi bila kuanza kusubiri upya. Wengine hukubali ukiomba kabla kadi haijafa. Ikishakufa unahesabiwa mgeni.

#13 Maalim_Hesabu
Yaani alipie bima mbili kwa miezi kadhaa ili apate moja wakati wa shida. Mshahara wa mapokezi huo?

#14 DadaMapokezi_Nungwi
Asante Maalim. Nilitaka kusema, nikaona aibu.

#15 MtuWaChwaka
Kwa watoto kulikuwa na Toto Afya Kadi ya NHIF, ule Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa bara, 54,000 mwaka mzima, spitali nyingi. Wakaiua wenyewe.

#16 Karani_wa_Muungano
#15 ilikuwa 50,400. Na hawakuiua bure. Mwaka 2023 walisitisha kumuandikisha mtoto mmoja mmoja kwa sababu wazazi wengi walikuwa wanamleta mtoto akishaumwa, wale wazima wanabaki nyumbani. Ndipo wakasema waje kwa makundi, kupitia skuli. Ni yale yale ya Nesi kwenye #6, safari hii kwa nchi nzima. Baadaye wakairudisha kwa utaratibu mpya.
Mimi niko NHIF kwa sababu naajiriwa na taasisi ya Muungano. Natoa asilimia 3 na mwajiri asilimia 3, nimeingia siku niliyoajiriwa, sikuulizwa kama nataka wala kama naumwa. Nadhani hilo ndilo jibu la #1: wakati sahihi wa kukata ni ule ambao hukuuchagua.

#17 KijanaWaMichenzani
Kwa hiyo wenye ajira hawana la kufikiri, sisi wa vibarua tufikiri peke yetu. Sawa.
Na mgeni anayekuja kulala siku tatu Paje tangu Oktoba 2024 lazima awe na bima ya dola 44 ya Shirika la Bima la Zanzibar, inamfunika mpaka siku 92. Mimi niliyezaliwa Michenzani sina.

#18 BiMwani_Paje
Wewe si umesema #5 huihitaji? 😄

#19 KijanaWaMichenzani
Siihitaji lakini naitamani.

#20 Kibokoni_Mombasa
Majirani salaam. Huku Kenya tulikuwa tunafanya hivyo anavyotaka kufanya fundi. Na sisi tulikuwa na NHIF yetu, si hiyo yenu. Ya mtu asiyeajiriwa ilikuwa shilingi 500 zetu kwa mwezi. Mtu analala nayo mwaka, mke akikaribia kujifungua anafufua.

#21 Kibokoni_Mombasa
Namalizia, simu ilizima. Tangu 1 Oktoba 2024 NHIF ya kwetu haipo, ni SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiyeajiriwa anakadiriwa kipato, isipungue 300 kwa mwezi, lakini analipa ya mwaka mzima mbele. Mama muuza viazi karai Kibokoni anazitoa wapi za mwaka mzima siku moja? Wameleta utaratibu wa kukopa na kulipa polepole. Watu wananung'unika lakini ule mchezo wa kufufua kadi umekufa.

#22 Ustadh_Mchangani
Mnajadili lini, mimi nauliza kama inafaa. Bima ya kibiashara ina gharari. Unatoa pesa hujui utapata nini wala lini. Fundi amuogope Mungu na amtegemee Yeye.

#23 Karani_wa_Muungano
Ustadh, kwa heshima. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni, ilipokaa Jeddah 1985 ilikataza ile ya kibiashara na ikaruhusu ya kusaidiana, na ndiyo msingi wa takaful, ambayo siku hizi ipo hapa hapa nchini. Na mwenye ngamia aliambiwa amfunge kwanza ndipo amtegemee Mola.

#24 Ustadh_Mchangani
Takaful sina neno nayo. Ila ukifikiri kisheria, anayeingia kwa nia ya kungoja aumwe ndipo atoe mchango, hata kwenye takaful amewadhulumu wenziwe. Mchango ni tabarui, yaani kutoa kwa hiari kuwasaidia wenzio, si mtego. Kwa hiyo hata mimi namwambia fundi: ama ingia mzima, ama usiingie.

#25 Mpemba_wa_Konde
Ustadh na wakala wamekutana barabara moja, leo mvua itanyesha.

#26 FundiBaridi_Fuoni
Nashukuru nyote, nasoma kila kitu. Naongeza taarifa ambayo sikuiweka mwanzo. Mke wangu hii ni wiki ya pili hali vizuri, asubuhi anatapika, harufu ya vitunguu haitaki. Kesho tunakwenda kupima. Je, nikikata leo jioni kabla ya kipimo, itahesabiwa nimekata kabla?

#27 DadaMapokezi_Nungwi
😂😂😂 "Sina presha sina sukari"

#28 BiMwani_Paje
Hongera mwanangu inshaallah kheri. Kumbe swali lilikuwa na mimba.

#29 Maalim_Hesabu
Nilipiga hesabu za miaka tisa, kumbe anauliza miezi tisa.

#30 Wakala_Mkweli
Hongera fundi. Jibu ni hapana. Uzazi una muda wake wa kusubiri, na hauhesabiwi kuanzia siku ya kipimo bali siku bima inapoanza. Hata ukikata leo jioni, mtoto atafika kabla ya muda kuisha. Na mtu akikwambia "tutapanga tarehe," mkimbie.
Faida utakayoipata ni nyengine: uliza kama mtoto akizaliwa anaweza kuingizwa kwenye kadi, na ndani ya muda gani. Ukiuchelewesha huo muda unaweza kuambiwa ungoje mpaka mwaka wa bima uanze upya.

#31 Nesi_Mstaafu
Fundi wacha habari za kadi kwa leo. Mpeleke kliniki mapema, aanze vidonge vya damu, apimwe presha kila anapokwenda. Kujifungulia kwenye spitali za serikali kupo na wakunga ni wazuri. Pesa uliyotaka kumpa wakala iweke kwa ajili ya dharura na usafiri wa usiku. Fuoni usiku wa mvua gari hazipatikani.

#32 Wakala_Mkweli
Nesi unaniharibia soko lakini sina cha kupinga.

#33 Mtoto_wa_Wete
Nimechelewa kuingia ila hili la #7 nina cha kuongeza, maana watu wanadhani ukishakata mapema umemaliza.
Baba yangu alikata akiwa na 52, mzima anatembea mpaka shamba na kurudi. Fomu ina ukurasa wa maswali: je, umewahi kutibiwa presha, sukari, moyo, figo, vidonda vya tumbo... kila mstari una kisanduku cha ndiyo na cha hapana. Wakala kaishika fomu juu ya kiti cha Vespa, kalamu inakwenda hapana hapana hapana mpaka chini, hakuuliza hata moja. Baba akatia saini pale alipoonyeshwa. Miaka miwili analipa bila kukosa. Siku alipolazwa kwa presha kampuni ikatafuta, ikakuta cheti cha zamani aliwahi kupewa vidonge vya presha mwezi mmoja tu. Madai yakakataliwa: umeficha.
Hakuficha. Hakuulizwa. Lakini saini ni yake. Kwa hiyo mimi nasema wakati wa kukata ni siku ambayo una nafasi ya kukaa chini ukajaza fomu kwa mkono wako.

#34 Karani_wa_Muungano
Pole sana. Mlilalamika? TIRA wanasimamia bima pande zote mbili za Muungano, na ipo ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya bima. Kosa la wakala ni hoja yenye nguvu.

#35 Mtoto_wa_Wete
Tulipeleka barua. Mzee akachoka njiani, akasema pesa za nauli ya kufuatilia zinatosha kununulia vidonge.

#36 MtuWaChwaka
Hapo ndipo ninapowapinga wote mnaosema akate mapema. Amelipa mapema, amekuwa mzima, ameumwa, hakulipwa. Bora angekuwa na ng'ombe wawili.

#37 Mpemba_wa_Konde
Ng'ombe naye hufa.

#38 Mwana_wa_Diaspora
Nipo Marekani, nawasomea tu. Huku hawana ule muda wa kusubiri mnaousema kwa hizi bima za sokoni za serikali. Tangu 2014 kampuni haiwezi kukukataa kwa sababu unaumwa. Lakini wamefunga mlango mwengine: kuna dirisha la kujiandikisha, miaka hii ya karibuni kuanzia 1 Novemba hadi 15 Januari kwenye majimbo mengi. Nje ya hapo mpaka uoe, upate mtoto au upoteze bima ya kazini. Dada wa #11 angekuwa huku, siku anayoachishwa kazi angefunguliwa dirisha lake peke yake.
Kwa hiyo ama unafunguliwa mlango mwaka mzima ukaumizwa na kusubiri, ama husubiri ukaumizwa na kalenda. Sijaona nchi isiyo na kufuli kabisa, isipokuwa pale wanapomuingiza kila mtu kwa lazima, kama #16.

#39 KijanaWaMichenzani
Basi tulazimishwe wote tumalize. Bara si wamepitisha sheria ya bima ya afya kwa wote?

#40 Karani_wa_Muungano
Wamepitisha, 2023. Lakini afya si jambo la Muungano, sheria hiyo haivuki bahari. Huku ni ule Mfuko alioutaja Nesi #6.

#41 Maalim_Hesabu
Na kulazimisha ni rahisi kwa mwenye hati ya mshahara. Fundi, BiMwani na Mpemba utawakata wapi? Kwenye mwani? Kwenye pishi ya karafuu?

#42 Mpemba_wa_Konde
Msiniguse karafuu zangu.

#43 SalhaKwahani
Habari zenu. Uzi mzuri, mimi swali langu ni la upande wa pili wa umri. Mama ana 67, sukari miaka mingi. Nimezunguka kampuni tatu mjini. Moja hawapokei mwanachama mpya aliyepita 60, moja 65, ya tatu wanapokea lakini sukari wanaitoa na bei ni maradufu. Walioniambia wote wanasema "ungemkatia mapema". Mapema ipi? Miaka ile hizo bima zilikuwa hazijulikani hapa, na mimi nilikuwa skuli.

#44 Nesi_Mstaafu
Salha, mama akiwa na sukari, kikubwa kwake ni kliniki ya kudumu, dawa zisikatike na miguu iangaliwe. Hivyo spitali ya serikali inaviweza. Kama wewe au nduguyo ameajiriwa, uliza kama mzazi anaingia kama mtegemezi. Mifuko ya waajiriwa mara nyingi haiangalii maradhi ya mzee kama kampuni zinavyoangalia.

#45 SalhaKwahani
Kaka ni mwalimu. Sikuwahi kufikiria. Shukran sana bi mkubwa.

#46 MtuWaChwaka
Kumbe wakati mzuri wa kukata bima ni kuwa na kaka mwalimu.

#47 FundiBaridi_Fuoni
Wakuu, majibu yametoka, ni kweli, alhamdulillah. Bima ya mume na mke naiacha kwa sasa. Nitakwenda kwenye ule Mfuko alioutaja Nesi kuuliza sisi wa kujiajiri tunaingiaje. Wakala wangu nimemwambia aniletee mkataba wenyewe, si zile karatasi za rangi. Kasema ni kurasa nyingi nitachoka.

#48 Mtoto_wa_Wete
Choka nazo hizo hizo.

#49 Wakala_Mkweli
Afadhali achoke. Ila fundi, wewe mwenyewe peke yako bado nakushauri ukate. Unapanda juu ya mapaa ya hoteli kufunga viyoyozi. Ajali haina kusubiri.

#50 Maalim_Hesabu
Na akizaa, pesa za nepi na za bima zitoke mfuko mmoja? Mimi bado nasimama na kibubu, angalau mwaka huu wa kwanza.

#51 BiMwani_Paje
Maalim wewe una pensheni, kibubu chako kinajijaza wenyewe.

#52 DadaMapokezi_Nungwi
Swali dogo la mwisho, wakala. Mwaka wa bima unaanza siku ninayolipa au siku kadi inapotoka? Mwenzangu alilipa, kadi ikaja wiki tano baadaye.

#53 Wakala_Mkweli
Inaanza tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba kama siku ya kuanza. Iangalie kabla hujatoa pesa. Kama kadi imechelewa na tarehe ilishaanza, umepunjwa wiki tano, dai wasogeze.

#54 Mpemba_wa_Konde
Yangu imeandikwa imeanza Agosti na nililipa Oktoba.

#55 Wakala_Mkweli
Nani kakuandikia hiyo? Piga picha ukurasa wa mwanzo, ficha namba, uweke hapa.

#56 Mpemba_wa_Konde
Iko Konde, mimi niko bandarini Mkoani. Nikirudi.